Kitshanga: Sarufi ya Kiingereza inakaririwa, kusoma kunaachwa nyuma

Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza wa humanite mjini Kitshanga mwezi wa tisa 2022 atakuwa, kama hakupoteza mwaka, kati ya watakaofanya Mtihani wa Serikali, Exetat, mwishoni mwa mwaka wa masomo 2025-2026. Ni miaka minne tu. Ndani ya miaka hiyo mji wake, ulioko mpakani mwa wilaya za Masisi na Rutshuru, umebadilisha mikono mara kadhaa, na kila mara shule ndiyo iliyotangulia kufungwa na ya mwisho kufunguliwa.

Tarehe 26 Januari 2023 kundi la M23 liliingia Kitshanga. Wakaaji walikimbia kuelekea Mweso, Sake na Goma, na wengine walijibanza karibu na kambi ya MONUSCO. Miezi michache baadaye walikuja askari wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mwaka huohuo Wazalendo wakaushika mji, na tarehe 21 Oktoba M23 ikaurudisha mikononi mwake. Waliokuwa wamekimbilia kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya waliendelea na masomo kadiri walivyoweza, wengi wao chini ya mahema. Kisha Goma nayo ikaanguka mwisho wa Januari 2025, na wahami wakaambiwa wavunje vibanda warudi makwao. Mwezi wa pili 2025 shirika la UNICEF lilihesabu zaidi ya shule na vituo vya masomo 2,500 vilivyofungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Watoto 795,000 walikuwa hawasomi. Mwezi wa kumi na mbili 2024 walikuwa 465,000.

Hasara hiyo haigusi masomo yote kwa namna moja. Sura ya jiografia iliyokosekana inaweza kunakiliwa kwenye daftari la rafiki na kusomwa usiku mmoja, na hata fomula ya hesabu ina mwalimu anayeweza kuirudia kwa saa mbili. Lugha haina njia ya mkato ya namna hiyo. Aliyekosa miezi mitano ya Kiingereza katika mwaka wa pili wa humanite hakosi sura moja: amekosa mazoea, na mazoea hayanakiliwi kwenye daftari la mtu.

Ndiyo maana inafaa kuangalia mtihani wenyewe unaomba nini. Katika Exetat, Kifaransa kinapimwa kwa njia nyingi. Kuna insha inayoandikwa katika sehemu ya awali, ile inayoitwa nje ya sesheni, na kuna maswali yake katika mtihani mkubwa wa lugha. Kiingereza kinakuja katika mtihani huo wa lugha kwa sura moja tu: kifungu cha kusoma, maswali juu ya kifungu, maswali ya sarufi na msamiati, na majibu ya kuchagua. Hakuna anayemsikiliza mwanafunzi akiongea Kiingereza, wala anayesoma barua aliyoiandika. Anayejua kusoma anapata, na asiyejua kusoma anabahatisha. Wa Kitshanga anapewa kipimo kilekile cha mwenzake wa Lubumbashi au Kinshasa ambaye hakuwahi kulala porini, na asilimia 50 ya jumla ndiyo mpaka kati ya diploma na mwaka mwingine wa kungoja.

Mwaka huo mwingine una bei. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa tisa 2019 ni ya shule za msingi. Kwenye sekondari mzazi bado analipa, na mzazi wa Masisi aliyepoteza ng'ombe au shamba la viazi analipa kwa kukopa. Bila diploma ya Serikali, mlango wa chuo kikuu unafungwa, na kazi nyingi za mshahara pia.

Maandalizi ya karibu kila mahali katika jimbo yanafanana. Wanafunzi wanatafuta itemu, yaani karatasi za maswali ya miaka iliyopita, kwa fotokopi au kwa picha za simu, kisha wanazijibu moja baada ya nyingine na kukariri majibu. Mwalimu anasimama ubaoni na kueleza kwa nini jibu ni la tatu na si la pili. Njia hii si ya kudharauliwa. Inamfundisha mtoto sura ya mtihani, inamwondolea hofu, na kwa sarufi inazaa matunda, kwa sababu sarufi ina maswali yanayojirudia: nyakati za vitendo, kauli ya kutendwa, sentensi za sharti, viunganishi.

Kifungu cha kusoma ndicho kisichokaririka. Kinabadilika kila mwaka, na leo kinaweza kuzungumzia magonjwa, kesho biashara, mwaka ujao misitu. Mwanafunzi aliyejibu itemu za miaka kumi bila kusoma hata ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa ajili ya kuelewa tu, anafika mbele ya kifungu kile kama mtu aliyejifunza alama za barabarani bila kukanyaga barabara. Na hata maswali ya sarufi mara nyingi yamefichwa ndani ya sentensi ambayo lazima ieleweke kwanza.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni lugha ambayo Kiingereza kinapitia kabla ya kumfikia mtoto. Darasani kinafundishwa kwa Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya masomo. Mtoto wa Kitshanga, ambaye nyumbani anasema Kihunde au Kinyarwanda na sokoni Kiswahili, anaingia kwenye Kiingereza kupitia lugha nyingine ya kigeni ambayo nayo hajaishika vizuri.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kusoma. Akikuta sentensi inayosema "the chief attended the meeting", anasikia ndani yake kitendo cha Kifaransa "attendre", na anaelewa kwamba mkubwa aliungojea mkutano. Kumbe aliuhudhuria. Akikuta "library" anafikiri duka la vitabu, kwa sababu ya "librairie", ilhali ni maktaba. "Actually" anaisoma kana kwamba ni "actuellement", yaani kwa sasa, wakati maana yake ni "kwa kweli". Katika kifungu kifupi, maneno matatu ya namna hii yanatosha kuharibu maana yote, na mara mtego uko palepale kwenye orodha ya majibu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha Kivu, kile kinachocheka sarufi ya vitabu na ambacho walimu wanakikataza darasani, kina karibu kila kitu ambacho mtoto anahitaji katika nyakati za Kiingereza. Mtu wa Kitshanga hasemi kwa namna moja kitendo kinachoendelea na kile cha mazoea. Anasema "niko nasoma" kwa kinachofanyika sasa hivi, na "nasomaka" kwa anachofanya kila siku. Hiyo ndiyo tofauti ya "I am reading" na "I read", ambayo inawatesa wanafunzi kwa sababu Kifaransa kinatosheka na "je lis" kwa zote mbili. Zaidi ya hapo, "niko nasoma" imejengwa kama Kiingereza chenyewe: kwanza kuwa, halafu kitendo. Na anaposema "nilishasoma", amekaribia sana "I have already read".

Vilevile kwa neno la Kifaransa "depuis". Linatumika kwa tarehe ambayo jambo lilianza, na linatumika pia kwa muda ambao limedumu. Kiingereza kinayatenga hayo mawili, "since" kwa mwanzo na "for" kwa muda, na swali hilo ni la kawaida mno katika mazoezi ya sarufi. Kiswahili nacho kinayatenga: "tangu 2023" upande mmoja, "kwa miaka miwili" upande wa pili. Mwalimu anayesema kwa ufupi kwamba "since" ni tangu, na "for" ni kwa muda wa, amemaliza kwa dakika moja somo ambalo kupitia Kifaransa linachukua asubuhi nzima.

Kiswahili hakitatui yote. Hakitofautishi mwanamume na mwanamke, hivyo "he" na "she" zinachanganywa hata na wanafunzi wazuri. Hapo Kifaransa kinasaidia kidogo, kisha kinapotosha tena kwenye "his" na "her", kwa sababu kinaangalia jinsia ya kitu na si ya mwenye kitu. Na "tangu" inaeleza neno, haiambii mtoto kwamba kitendo kinachoandamana nalo lazima kibadilike. Hayo yanabaki kuwa ya kufundishwa kwa subira. Lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kukitumia kama daraja kwa dakika kumi za somo hakuvunji heshima ya Kifaransa.

Swali linalofuata ni la vitabu. Mwanafunzi wa Kitshanga atasoma nini? Kiingereza kiliingia mjini humo zamani, ila kiliingia kwa magari. Kimeandikwa kwenye milango ya magari meupe na kwenye mahema. Kwa miaka mingi maandishi ya Kiingereza yaliyoingia nyumba nyingi zaidi za wahami, kuliko kitabu chochote, yalikuwa ya magunia na makopo ya mafuta ya msaada wa Marekani, yenye onyo "not to be sold or exchanged". Ni sentensi ya kutendwa, ya aina ileile inayoulizwa kwenye mtihani: kisiuzwe wala kubadilishanwa. Mtoto aliyelala juu ya gunia hilo mwaka mzima hakuambiwa na mtu kwamba analalia somo la sarufi.

Na haja ya Kiingereza haiishii kwenye mtihani. Kongo ilipokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa tatu 2022, na mkataba wa jumuiya hiyo wa mwaka 1999 uliandikwa Kiingereza kikiwa lugha yake rasmi. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Uganda inafundisha kwa Kiingereza tangu zamani, na huko, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, wako vijana wengi waliotoka Masisi na Rutshuru. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza leo kuwa kwenye njia mbili tofauti: mmoja Nakivale akijiandaa kwa mtihani wa Uganda, hesabu na historia vyote kwa Kiingereza, mwingine Kitshanga akitafuta maana ya "attended". Anayerudi kutoka Uganda naye ana mzigo wake. Kiingereza anakijua, lakini utamaduni wa jumla na sayansi vinamngoja kwa Kifaransa.

Mzigo mkubwa uko mabegani mwa walimu. Benki za Goma zilifungwa tangu mwisho wa Januari 2025, na mwalimu ambaye mshahara wake ulipitia huko anafundisha huku akitafuta namna ya kula. Kumwomba aandae vifungu vipya vya kusoma kila wiki ni kumwomba mengi. Hata hivyo Exetat ni kati ya mambo machache ambayo vita haijayavunja. Mwaka 2025 karatasi zilizotengenezwa na Serikali ya Kinshasa zilifika hadi maeneo yanayoshikwa na M23, MONUSCO ikisaidia kuzisafirisha, na watoto wa pande zote mbili za mstari wa mapigano walijibu maswali ya taifa moja. Wanaopigana walikubali hilo bila kukubaliana juu ya mengi mengine.

Ikiwa mlango huo utabaki wazi mwaka 2026, muda uliobaki unaweza kugawanywa upya bila franki moja kuongezwa. Kama darasa lina saa mbili za kurudia itemu, nusu saa ya kwanza iwe ya kusoma. Mwalimu anaandika ubaoni aya moja ya mistari minane, hata kama ameitoa kwenye karatasi ya mtihani wa zamani baada ya kufuta maswali yake. Wanafunzi wanaisoma mara mbili kimya, bila kamusi. Kisha mmoja anaeleza kwa Kiswahili, kile cha mtaani, aya imesema nini: nani, wapi, alifanya nini, kwa nini. Wenzake wanamsahihisha. Maneno yanayofanana na Kifaransa yanapigiwa mstari na kuchunguzwa moja moja kama noti ya bandia. Baada ya hapo tu ndipo maswali yanarudi ubaoni.

Kwa kasi ya aya tatu kwa juma, mwanafunzi anayeanza mwezi wa kumi atakuwa amesoma aya zipatazo mia moja kabla ya mtihani, hata akitoa likizo. Na kama mapigano yatamfukuza tena katikati ya mwaka, daftari la aya hizo ni jepesi kubeba.