TUJUE ALA ZA MUZIKI: Selo, na ndugu yake tuliyemwacha nyumbani



Mwezi uliopita tulikwenda Mengo, Kampala, kutafuta vitabu. Barabarani tukaona kijana kwenye bodaboda, mgongoni amebeba kitu kirefu karibu sawa na yeye. Tukadhani anapeleka mgonjwa! Kumbe ni selo.

Selo ni kaka mkubwa wa violini. Mpigaji anaketi kwenye kiti na kuishika kati ya magoti, na chini ina mguu mwembamba wa chuma. Ina nyuzi nne. Mkono wa kushoto unabonyeza nyuzi kutafuta sauti, wa kulia unavuta upinde wa singa za mkia wa farasi. Singa hizo hupakwa utomvu mkavu wa mti ili zishike uzi. Bila utomvu, upinde unateleza tu, hakuna kitu. Sauti yake ni nzito, kama mwanaume anayeimba polepole.

Jamani, si jambo geni kwetu. Baganda wana endingidi, Warundi indingidi, Wanyarwanda iningiri. Uzi ni mmoja tu, umefungwa kwenye kopo la mbao lililofunikwa ngozi, lakini fundi anatoa wimbo mzima.

Hapo Mengo ndipo ilipo ikulu ya Kabaka, iliyokuwa na wapigaji wake. Mei 1966 jeshi la serikali likaivamia, Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, wapigaji wakatawanyika. Ngoma za entenga, 15 zinazopigwa na watu sita kwa pamoja, zikanyamaza miaka mingi. Zilirudi baada ya mzee mmoja aliyezipiga ikuluni zamani kuwafundisha vijana.

Sisi pia tunajua kutawanyika. Babu yetu alikuwa na iningiri. Siku ya kukimbia tulibeba sufuria na godoro, yenyewe ikabaki ukutani. Babu alifia njiani, na hakuna kati yetu aliyekuwa amejifunza.

Selo hatuna. Lakini makopo, ngozi ya mbuzi na uzi wa nailoni tunavyo shuleni, na watoto wameshatengeneza mbili. Zinalia kama paka. Upinde ndio umetushinda. Mzee au mama yeyote anayejua, tafadhali atuone Jumamosi saa nane mchana, darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Hata kama mikono imechoka, aje atuambie tu.