Mlango wa Uwakili Huanza Kufungwa Kidato cha Nne



Kama kwenu hakuna hata mtu mmoja aliyesoma sheria, maneno haya ni yako. Yasome mpaka mwisho, kisha umtumie mdogo wako aliye shule.

Mimi nilitaka uwakili tangu siku niliyomsindikiza mama kituo cha polisi kumtafuta mjomba. Tulikaa kwenye benchi mpaka Maghrib. Hatukujua tumuulize nani wala tuseme nini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, na kwa kawaida afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sisi hatukukijua, na hakuna aliyetuambia.

KCSE ilipotoka nilikuwa na C+ ya jumla. Nikaenda saiba kujaza KUCCPS, chaguo la kwanza sheria. Kijana wa pale akaniuliza, "Kiswahili ulipata ngapi?" Nikamwambia B-. "Na Kingereza?" C+. Akacheka kidogo: "Basi bro, sheria huingii."

Pointi moja. Miaka minne ya sekondari na hakuna aliyenitajia. Mzee wangu ni mtu wa mkokoteni, angejulia wapi? Haki ya Mungu, pengine hata ningepata hiyo B nafasi ningeikosa, kwa sababu ushindani ni mkali. Lakini angalau ningejua ninakimbilia nini. Nikaishia kuchukua diploma, alhamdulillah, na kazi hii ya jamii naipenda. Ila sitaki wewe ulijue jambo hili ukiwa saiba.

Basi shika haya.

Kwa aliyefanya KCSE, njia iliyonyooka ni C+ ya jumla, na B katika Kingereza au Kiswahili. B kamili, sio B-. Hiyo C+ inakuruhusu kuomba tu. Wanaopata nafasi vyuo vya umma huwa wamepita hapo kwa mbali, kwa hivyo lenga juu.

Sikiza hapo kwenye "au Kiswahili." Sisi wa Pwani tunaongea Kiswahili toka tumbo la mama, kisha tunaanguka mtihani wake kwa dharau. Karatasi ni tatu: insha, lugha, fasihi. Ngeli hazijui kama wewe ni wa Lamu. Nawe wa Garissa au Mandera unayeona Kingereza kizito, huenda Kiswahili ndicho mlango wako. Chagua moja, uishike mapema.

Ukiingia chuo, shahada ni miaka minne. Lakini shahada haikufanyi wakili. Baada yake kuna Kenya School of Law, kule Karen, Nairobi, halafu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili. Ndipo uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Wengi wetu tunajua habari ya shahada tu. Hayo mengine yanatukuta tushachoka na pesa zishaisha.

Kabla ya kulipa chuo chochote hata shilingi, hakikisha kina leseni ya Baraza hilo. Na kama unataka kupanda ngazi kutoka diploma, nenda pole pole. Kuna watu waliomaliza shahada ya sheria wakakataliwa Kenya School of Law kwa gredi zao za KCSE, na kesi za jambo hili zimevutana kortini miaka mingi. Uliza mapema, ujibiwe kwa maandishi.

Pesa. Basari za kaunti na NG-CDF si mkopo, hulipi. Omba zote, kila zinapofunguliwa. Mkopo wa HELB wa kawaida una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na najua wako wanaouacha kwa sababu hiyo. Usiamue kwa maneno ya kijiweni. Muulize sheikh unayemwamini, na uwaulize HELB wenyewe kama wana mpango usio na riba, kabla hujaacha nafasi yako ikapotea.

Na ile kauli ya "wakili ni muongo, sheria si ya Muislamu"? Nimeisikia hata nyumbani. Lakini Mahakama ya Kadhi yenyewe imo ndani ya Katiba, Kifungu cha 170. Mjane anayenyang'anywa mirathi na kijana anayezungushwa kitambulisho wanahitaji mtu wa kusimama nao. Ukiwa muongo utakuwa muongo hata ukiuza mahamri. Uongo ni wa mtu, si wa kazi.

Ulikosa B kama mimi? Bado kuna kazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo na kibali. Si uwakili, lakini mama yangu angempata mmoja wao siku ile, tusingekaa benchi mpaka Maghrib.

Mwisho, nasema na nyinyi mlioupita mlango. Wakili, mwanafunzi wa sheria, hata wa mwaka wa kwanza: rudi kwenye shule uliyosoma au madrasa ya mtaani kwenu. Nusu saa yatosha. Waambie watoto mapema habari ya hiyo B. Wengine hawana mtu mwingine wa kuwaambia.

Wabillahi tawfiq.