Siku Kumi Kijijini Bali



Tangu nirudi kutoka kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, wengi wenu mmeniuliza habari za safari ile, wengine kwa barua na wengine kwa kunisimamisha sokoni. Nami nimekuwa nikikwepa. Nimeandika juu ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe, nikaandika juu ya sare za shule, hata juu ya kunguni nimeandika, safari nikaiacha. Leo sikwepi tena.

Wasomaji wa zamani wa ukurasa huu wanajua kwamba mume wangu alikuwa sajini katika jeshi, na kwamba alifariki kwa maradhi mwaka 2022. Mwaka 2011 alikuwa Dungu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakati waasi wa LRA walipokuwa wakisakwa katika misitu ile. Huko walikuwako pia wahandisi wa jeshi la Indonesia, wenye kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza barabara. Mmoja wao, mwenyeji wa Bali, alifanya urafiki na mume wangu.

Kilichowaunganisha kwanza kilikuwa maneno. Waligundua kwamba kile tunachokiita sisi meza, wao hukiita meja. Sabuni kwao ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, dunia ni dunia vile vile, na bendera ni bendera. Mengine tuliyapata sote kwa Waarabu na mengine kwa Wareno, ambao waliwahi kutia nanga pwani za huku na za kule. Kwa maneno ishirini na ushei, pamoja na ishara za mikono, wanaume wawili wazima waliweza kuzungumza jioni nzima. Walipoagana, rafiki yule alimwachia mume wangu kilemba cha kwao kiitwacho udeng, kitambaa kinachofungwa kichwani kikaacha ncha imesimama mbele ya paji la uso. Kilemba hicho kilikaa miaka yote chini ya sanduku letu la nguo.

Habari za msiba zilipomfikia aliniandikia akiniita ‘shemeji’, neno alilofundishwa na marehemu, akanisihi nije wakati wa sikukuu ya Galungan, kwa kuwa huo ndio wakati ambao wazee wao hurudi nyumbani. Sikuelewa alikuwa na maana gani. Watoto wangu walichanga nauli kwa muda wa miaka miwili, nami nikafuatana na kitinda mimba wangu, kijana wa miaka 19, ambaye tangu siku ya mazishi hakuwa amelitaja jina la baba yake. Kilemba nilikitia katika mkoba wangu, nia yangu ikiwa kumrudishia mwenyewe.

Yafaa kwanza niwaeleze sikukuu yenyewe. Watu wengi wa Indonesia ni Waislamu, lakini watu wa Bali walio wengi ni Wahindu, na wana kalenda yao ya siku 210. Kwa hiyo Galungan huweza kuangukia mara mbili katika mwaka mmoja wa kwetu. Daima huwa Jumatano. Husherehekea ushindi wa wema juu ya uovu, na huamini kwamba roho za wazee waliotangulia hushuka siku zile, zikakaa nyumbani na watoto wao mpaka sikukuu ya Kuningan, Jumamosi ya siku ya kumi. Safari hiyo Galungan ilikuwa tarehe 25 Septemba 2024 na Kuningan tarehe 5 Oktoba.

Kijiji cha wenyeji wetu kiko wilaya ya Tabanan, penye mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi katika miteremko ya mlima Batukaru. Maji ya mashamba hayo hugawanywa na vyama vya wakulima viitwavyo subak, ambavyo mwaka 2012 viliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mengi ningeweza kusema juu ya mpunga ule, lakini tuingie uani.

Nyumba ya Bali ni ua uliozungushiwa ukuta, na ndani mna vijumba mbalimbali: cha kulala, cha kupikia, cha kupokelea wageni. Katika pembe ielekeayo mlimani ndipo palipo madhabahu za ukoo. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa adabu ya kwao nilimwita Ibu, yaani mama, naye akaniita hivyo hivyo, alinikuta siku ya pili nikiwa nimekaa kama mgonjwa, akaniwekea kisu na rundo la makuti machanga ya mnazi mapajani. Wanawake walikuwa katika kazi ya kutengeneza visahani na mapambo ya sadaka. Nimesuka mikeka tangu utotoni, nikadhani vidole vyangu vitanitoa kimasomaso. La! Wao hawasuki, hukata kuti kwa kisu kikali, wakakunja na kulibana kwa vijiti vyembamba vya mwanzi. Siku hizi wengine hutumia stepla, na bibi mmoja mzee aliiangalia ile stepla kama tunavyowaangalia sisi watu wanaosonga ugali wa unga wa kununua. Sahani zangu za kwanza alizifumua bila kusema neno. Ya kumi na moja aliiacha.

Sasa nawaomba wanaume mnaoushika ukurasa huu mkiwa njiani kwenda kwenye ukurasa wa michezo, mtue hapa kidogo. Siku ya Jumanne, kesho yake ikiwa sikukuu, wapikaji ni wanaume. Saa tisa za usiku nilisikia mwanangu akigongewa mlango. Majirani walikuwa wamechanga fedha kununua nguruwe mmoja na kugawana nyama, na kila nyumba ilitoa mikono ya kusaidia. Mwenyeji wetu alimtazama kijana kwa taa, kichwa wazi, akasema kwa ishara kwamba hivyo haifai. Ndipo nilipokwenda kwenye mkoba wangu nikatoa kilemba.

Mwenyeji alikitambua. Alikishika kitambo, halafu akamfunga kijana kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamvuta ncha mbele mpaka ikasimama sawa. Mwanangu hakusema kitu. Wakaenda wote wawili gizani, na baada ya hapo nikasikia visu vikianza kupiga juu ya magogo, vingi kwa pamoja, mpaka kulipopambazuka.

Chakula wanachokipika huitwa lawar. Nimekijaribu hapa nyumbani, nacho hakina shida. Chukua maharage marefu ya kijani, uyachemshe kidogo yasipoteze rangi, uyakatekate madogo. Choma vipande vya nazi juu ya makaa mpaka vipate harufu, kisha uvikune. Nyama iliyoiva, ya kuku au ya ng’ombe kwa wasiokula nguruwe, ikatwe laini kabisa. Viungo vyake ni vitunguu vidogo vyekundu, vitunguu saumu, tangawizi, manjano, giligilani, pilipili manga na pilipili kali, vyote vitwangwe pamoja na kukaangwa katika mafuta ya nazi. Changanya vyote kwa mkono, utie chumvi na ndimu, na ule siku ile ile, maana lawar haingoji kesho. Wenyewe hutia kamba waliosagwa na kuchachushwa, na wengine huchanganya damu mbichi ikawa nyekundu. Hiyo ya damu siwashauri. Hufanya pia mishikaki ya nyama iliyosagwa na nazi, inayofinyangwa kuzunguka bua la mchaichai. Watoto wenu wataipenda.

Mchana ule ule kila nyumba ilisimamisha penjor mbele ya lango lake. Hiyo ni mianzi mirefu kuliko paa, iliyopambwa makuti, masuke ya mpunga na matunda, ncha zake zikiinama juu ya njia. Ni shukrani kwa mavuno. Ukisimama mwisho wa kijiji unaona njia nzima imeinamiwa kutoka pande zote mbili.

Niseme wazi lililonisumbua. Mimi ni Mkristo, na isitoshe ni mjane. Nilikuwa nimesikia kwamba kwao mtu mwenye msiba haingii hekaluni, nami sikutaka kuwatia najisi watu walionipokea. Nilimwuliza Ibu kwa kupitia binti yake ajuaye Kiingereza. Alijibu kwamba katazo lipo, lakini lina siku zake, na siku zangu zimekwisha zamani. Kisha akaniuliza kama kwetu hazina mwisho. Sikuwa na jibu la haraka. Jumatano nilifungwa nguo ya kamben, ambayo huvaliwa kama kanga, na mshipi kiunoni, nikaketi nyuma kabisa ya uwanja wa hekalu, nikawaangalia wanawake wakiingia na sadaka za matunda na maandazi zilizopangwa kama minara vichwani mwao. Sikusali sala yao, na hakuna aliyenitaka niisali.

Alhamisi ni siku ya kutembeleana. Watu hula nyumba hii, wakanywa nyumba ile. Mara tukasikia vishindo vya ngoma, matoazi na madebe ya shaba vikija njiani, na kundi la watoto likaingia uani na barong. Huyo ni mnyama wa kutengenezwa, mwenye kichwa cha mti kilichopakwa rangi na kinywa kinachofungwa na kufunguka kwa kishindo. Ndani yake mna watu wawili, mmoja miguu ya mbele na mwingine ya nyuma. Katika siku hizo hupita nyumba kwa nyumba kufukuza mabaya, wenye nyumba wakawapa fedha kidogo. Yule wa kwetu mpigaji wake mkubwa hakuzidi miaka kumi na minne. Aliyekuwa miguu ya nyuma alijikwaa kwenye ngazi, akaanguka pamoja na mkia, na ua mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo binti wa nyumba alipomvuta mwanangu akashike toazi, na mwanangu akanivuta mimi. Ndugu zangu, nilicheza. Nilicheza vibaya, kwa mwendo wa kwetu juu ya ngoma ya kwao, mikono juu, mpaka mshipi ukafunguka. Barong akanijia na kuning’atia kinywa usoni. Nikampigia kigelegele, nao watoto wakadai nikipige tena na tena. Tangu tulipomzika mume wangu sikuwa nimeinua mguu katika sherehe yoyote, hata harusi ya mpwa wangu nilikaa jikoni. Usiku sikulala vizuri. Niliwaza majirani wa kambi yetu ya zamani wangesema nini wakiniona. Sababu ya ukimya wangu miezi hii yote ni hiyo.

Kabla ya Kuningan, Ibu aliniuliza marehemu alipenda nini. Alikuwa akiandaa vyakula kwa ajili ya wazee wa ukoo wake: kwa baba mkwe kahawa na sigara, kwa mama yake samaki wa chumvi. Nilisita sana. Nilimwambia hatimaye kwamba alipenda kahawa isiyo na sukari na karanga za kuchemsha. Nilikuwa nimewaletea zawadi ya kahawa ya Mlima Elgon. Akaitia unga katika gilasi na kumimina maji ya moto juu yake bila kuchuja, kama wanavyokunywa wao. Karanga nilizichemsha mimi.

Asubuhi ya Kuningan kila kitu hufanywa kwa haraka, kwa sababu adhuhuri wageni wale huondoka. Wali wa njano ulikuwa tayari kabla jua halijachomoza. Ibu alipanga sahani za watu wake penye madhabahu. Gilasi ya kahawa na bakuli la karanga hakuzipeleka huko. Aliziweka juu ya baraza nilipokuwa nimekaa, akanitazama, akaenda zake. Nami nikasali Baba Yetu kwa Kiswahili, nikamwambia mume wangu habari za watoto mmoja mmoja, na za paa la nyumba tuliyojenga baada ya kuondoka kambini. Baadhi yenu mtaniandikia kunilaumu, na barua zenu nitazisoma.

Kwao chakula cha sadaka hakitupwi. Saa yake ikipita, walio hai hukila. Saa sita ilipofika, mwanangu alikuja na kilemba chake kichwani, akaketi karibu nami, akaivuta ile gilasi. Kahawa ilikuwa imepoa. Akainywa yote, akaniuliza kama kweli baba alikuwa akiinywa chungu namna ile hata vitani. Tulimaliza karanga tukizungumza habari za Dungu, na mwenyeji wetu akaongeza yale ambayo sisi hatukuyajua.

Siku ya kuondoka nilitaka kumrudishia kilemba mwenyewe. Alikataa, akaonyesha kichwa cha kijana. Sasa kimo katika sanduku la kijana, si langu tena. Galungan nyingine ilikuwa tarehe 23 Aprili 2025. Nilikuwa nimeisahau kabisa, mpaka niliporudi kutoka sokoni jioni ile nikakuta sufuria ya karanga iko jikoni.