Mlango wa kituo cha afya ubaki wazi

Yaliyotokea Uganda yatufunze kabla hayajatufikia sisi. Mwezi Mei 2023 nchi hiyo ilitangaza sheria dhidi ya ushoga. Kifungu chake cha 14 kilimlazimu aliyejua au kushuku kosa hilo kutoa taarifa kwa polisi, na wauguzi hawakusazwa. Hofu iliwashika pia watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyozaliwa nayo: nani ataomba dawa ya virusi vya UKIMWI kwa mtu anayetakiwa kumshtaki? Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, ikaiacha sehemu kubwa ya sheria.

Siku tano baadaye Vatikani ilitoa tamko Dignitas Infinita. Halikubali kubadili jinsia. Hata hivyo linalaani kufungwa, kuteswa na kuuawa kwa watu kwa sababu tu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Anayeshika mafundisho hajaruhusiwa kumtupa mgonjwa.

Basi mswada wa namna hiyo ukija kwetu, utukute hapa Kindu tumekwisha kuamua. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, wala haibagui. Siri ya mgonjwa isigeuke habari ya sokoni. Tusimcheke aliye kwenye foleni. Anayeogopa kwenda peke yake, tumsindikize. Malaria haimwulizi mtu yeye ni nani. Nasi tusimwulize kabla ya kumpa maji.