Nyonga ya mzee isisubiri

Bibi wa miaka 85 akiteleza bafuni usiku, nyonga iliyovunjika mara nyingi hujulikana kabla ya eksirei: mguu mmoja umefupika, unyayo umelala nje, akiguswa tu anapiga kelele. Ndugu hukaa kikao. Kauli inayoshinda mara nyingi ni ileile: ameshakula chumvi nyingi, kisu hatakiweza, afungwe uzito mguuni apumzike.

Kupumzika huko ndiko kunakoua. Mzee anayelala chali wiki baada ya wiki, kamba ikipita kwenye roda na uzito ukining'inia mwisho wa kitanda, hawezi kujigeuza wala kukohoa vizuri. Nimonia huingia, damu huganda miguuni, vidonda vya kulalia huchimba matakoni. Na mfupa wenyewe ukikatikia shingoni, karibu na kiungo, mishipa inayolisha kichwa cha paja huumia, kwa hiyo kuunga ni bahati nasibu. Ndiyo maana mara nyingi daktari hukitoa kichwa hicho na kuweka cha chuma. Ukivunjika chini zaidi, hupigwa chuma na skrubu. Shabaha ni kwamba kesho yake mgonjwa aketi, ashike fremu, akanyage.

Uingereza ilianza daftari la taifa la wagonjwa wa nyonga mwaka 2007. Mwaka 2010 hospitali za England zikaanza kulipwa nyongeza kwa mgonjwa anayepasuliwa ndani ya saa 36 na kuonwa na bingwa wa magonjwa ya wazee. Vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 mwaka 2007 hadi 8.5 mwaka 2011. Wala si lazima timu iamshwe usiku wa manane: utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2020 ulilinganisha kupasua baada ya saa 6 hivi na baada ya saa 24, na vifo havikutofautiana sana, ingawa waliowahishwa waliweweseka kwa uchache kuliko wenzao.

Wapo wasiofaa kupasuliwa, na hapa Waholanzi wana la kufundisha. Wazee 172 dhaifu wa nyumba za kutunzia wazee, wao na familia zao, walielezwa njia zote mbili. 88 wakachagua kutopasuliwa. Ndani ya mwezi, asilimia 83 ya hao walifariki, dhidi ya asilimia 25 ya waliopasuliwa, lakini hali ya maisha yao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Tofauti na wodi nyingi za kwetu ni kwamba waliambiwa wazi kuwa wanachagua kufa, wakapewa dawa za maumivu za kutosha. Hakuna aliyedanganywa kwamba uzito utaunga mfupa.

Huku umri mara nyingi ni kisingizio chenye adabu. Kinachokwamisha ni bei ya chuma. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe malipo wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60, lakini msamaha hausaidii chuma kikiwa hakipo stoo na familia ikaambiwa ikanunue. Wizara inaweza kuanza bila bajeti kubwa: kila hospitali ya rufaa iandike saa mgonjwa wa nyonga alipopokelewa, saa alipoingia chumba cha upasuaji, na kilichomchelewesha. Asipopasuliwa, iandikwe pia nani aliyeamua.