Hospitali isitegemee kompyuta moja

Juzi nilimpeleka mama mzazi katika hospitali moja hapa jijini. Tulifika saa mbili asubuhi. Kufikia saa sita, foleni ilikuwa haijasonga hata hatua moja. Karani wa dirishani alikuwa na jibu moja tu: "Mtambo umekwama. Subirini." Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo na pesa tulikuwa nazo mkononi. Kilichokosekana ni kompyuta moja iliyobeba majina ya wagonjwa wote, majibu ya maabara na bei za dawa.

Msomaji, tusidanganyane. Hakuna mtambo usioharibika. Diski huchakaa, stima hupotea, feni huziba kwa vumbi. Kosa si kuharibika kwake, kosa ni kuuacha peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, wala si ngeni. Badala ya seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia zile za madaktari na makarani, hospitali huunganisha mbili au zaidi zifanye kazi kama kitu kimoja. Kila mara seva hizo hutumiana ishara ambayo mafundi huiita "mpigo wa moyo". Mpigo wa moja ukikoma, nyingine hushika kazi, kama muuguzi anavyompokea mwenzake zamu. Mgonjwa aliye dirishani huenda asitambue lolote.

Hata hivyo, kununua mashine ya pili pekee hakutoshi. Kwanza, waya unaoziunganisha unaweza kukatika huku zote mbili zikiwa nzima. Kila moja itadhani nyingine imekufa, na zote zitaendelea kuandika katika faili za wagonjwa. Hapo moja itajua kwamba penisilini humdhuru mgonjwa fulani, na nyingine haijui. Hiyo ni hatari ya maisha! Ndiyo sababu mafundi wenye busara huweka mpiga kura wa tatu: seva itakayobaki peke yake, bila kura za wengi, hunyamaza.

Pili, pacha wasilale kitanda kimoja. Hospitali za Guy's na St Thomas' jijini London zilikuwa na vituo viwili vya kompyuta. Julai 19, 2022, joto lilipopita nyuzi 40 nchini Uingereza, vyote viwili vilizimika kwa sababu mitambo ya kuvipoza ililemewa. Madaktari walirudia kalamu na karatasi, miadi ikaahirishwa, na ilichukua wiki kadhaa kurejesha mambo sawa.

Tatu, akiba isiyojaribiwa si akiba. Agosti 25, 2023, nchi yetu ilipoingia gizani, jenereta mojawapo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka. Je, hospitali yako huzima seva yake makusudi mara moja moja, usiku ambao wagonjwa ni wachache, ili kuona kama ile ya pili itaamka?

Wakubwa wa hospitali watasema pesa hazitoshi. Naelewa. Lakini hata zahanati ndogo inaweza kuhifadhi nakala za kumbukumbu mahali pengine, na kuweka fomu za karatasi kabatini kwa siku ya dhiki. Nakala hizo zinahitajika hata penye seva mbili, kwani karani akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kote.

Nawe msomaji, una wajibu wako. Weka kijitabu chenye majina ya dawa unazotumia, zile zinazokudhuru na maradhi uliyo nayo. Na siku nyingine ukiambiwa mtambo umekwama, usinyamaze. Uliza kwa upole: "Wa pili uko wapi?"