Mashine Haijui Ngeli

Nilipata kuketi mbele ya karani mmoja mwenye adabu zote za kazi, akinitafutia ndani ya kompyuta, katika mkataba wa pango wa kurasa zaidi ya 60, kifungu cha fidia ya mpangaji, naye, baada ya kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi F na kuandika "lipa", akaruka kutoka tokeo hadi tokeo, kisha akaniambia kwa yakini, "Hakimo, mzee." Kumbe kimo, ila aliyeutunga mkataba aliandika "italipwa", na mashine, ambayo haijui maana wala ngeli bali hulinganisha herufi kwa herufi, ikakipita kama kwamba haikuona kitu.

Simlaumu karani, kwani yeye angalau aliitumia amri hiyo, ilhali wengi wetu hata leo huteremka ukurasa baada ya ukurasa mfano wa mtu achambuaye mchele. Lawama yangu ni juu yetu sisi tuifundishao elimu hii ya kompyuta kwa Kiswahili, tulioinakili kutoka lugha ambazo neno hubadilika mkiani, tukasahau kwamba letu hubadilika kichwani na mkiani pia. "Kitabu" hakikuletei "vitabu". Ukiandika "tabu", utaletewa vyote viwili, pamoja na tabu za watu zisizokuhusu. Ama jicho na macho, hayo hayana hila, sharti yatafutwe mbalimbali, maana ukishika silabi yao moja ya pamoja utafunikwa na kila "hicho" na "ambacho".

Wazee wetu wa kamusi walilitambua jambo hili: ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka majina mengi chini ya vitenzi yalimozaliwa, hata msomaji akazoea kulivua neno viambishi kabla ya kufunua ukurasa. Na kwa upande wa mashine dawa ni ya zamani vilevile, kwani grep, programu ya kutafuta maneno aliyoiunda Ken Thompson wa Bell Labs mnamo 1973, ukiiandikia [kv]itabu, yaani k au v mwanzoni, hukuletea kimoja na vingi kwa pigo moja. Lakini ni darasa gani la Kiswahili lifundishalo hayo?

Nilimwomba karani aandike "lip" tu. Zikaja "alipofika" na "walipokubaliana", tukazipita, kisha ikaja "italipwa". Akanyamaza kitambo, halafu akaniomba radhi nimngoje, afungue tena mikataba miwili ya watu aliokwisha kuwajibu vivyo hivyo.